Aliyesimama Kwenye Uzio

Jua lilikuwa linazama mama alipotoka na koti la mwanawe begani. Kijana alikuwa amelisahau kitandani, na upepo wa jioni ile ulikuwa na baridi. Uwanja haukuwa mbali. Ukishapita maghala tu, unasikia gongo likikutana na mpira.

Pa!

Mwanawe walimwita Nyundo. Katika timu yao ya besiboli hakuna aliyepiga mpira kwa nguvu kama yeye. Lakini msimu ule wote, hata mpira mmoja haukuvuka uzio wa waya, pigo ambalo kila mpigaji hulitafuta. Ulipaa vizuri, watu wameshanyanyuka kwenye viti kushangilia, halafu ukifika usawa wa waya unashuka. Kocha alimrekebisha miguu, akamrekebisha mshiko, akambadilishia na gongo. Wapi! Wenzake wakamtania kwamba nyundo yao imelegea mpini. Alicheka nao, lakini akifika nyumbani alikaa akitazama viganja vyake vilivyochubuka. Siku moja alimwuliza mama yake kama kuna mtu ambaye yeye amewahi kumkosea bila kujua. Mama aliinamia cherehani yake, akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa.

Alikuwa anajua.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Aliaga asubuhi moja kama asubuhi nyingine, akafia njiani, akazikwa hukohuko na watu wasiomjua. Kwa hiyo mama aliposikia kwamba timu kubwa ya ng'ambo inamtaka Nyundo, ila inangoja kwanza avushe mipira, usingizi ulimpaa. Akamwendea mwanamke mmoja anayeuza mizizi nyuma ya soko. Hakuomba mtoto augue, la. Aliomba tu asitoke. Mwanamke akamwagiza akate kipande cha shati la marehemu, akishonee ndani ya pindo la jezi ya kijana. Mama akauliza ni nani hasa atakayemzuia.

"Anayempenda kama unavyompenda wewe," akajibiwa.

Akashona. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa likimtafuna sasa.

Nyundo alikuwa peke yake uwanjani, anaurusha mpira juu na kuupiga. Hakumwona mama yake aliyekuwa akija kwa kando, karibu na waya.

Pa!

Mpira ukapaa juu ya kichwa cha mama. Akaufuata kwa macho. Ukafika kwenye uzio...

Ukasimama.

Ukasimama hewani, kama uliodakwa. Kisha ukashushwa polepole, ukawekwa kwenye nyasi bila kishindo.

Mama akasikia harufu ya dizeli. Dizeli na jasho, harufu aliyoifua kwenye mashati miaka na miaka. Waya ulikuwa umebonyea mahali pamoja, kama umeegemewa na mtu kwa mgongo. Hapakuwa na mtu.

Akasogea.

"Baba Nyundo?" akanong'ona.

Waya ukalia... kri... kri...

"Ulisema asitoke." Sauti ilikuwa kavu, imechoka. "Nimesimama tangu siku ile. Mikono inaniuma, mama watoto."

Akalia bila kutoa sauti. Amemfunga mtoto, na amemnyima baba yake hata ule usingizi wa kaburini. Akamwomba radhi. Akamwambia basi, amwache kijana aende zake.

"Na zamu yangu nimwachie nani? Lazima abaki mtu."

Kule uwanjani Nyundo aliokota mpira mwingine. Alijipangusa uso kwa bega la jezi, na mama akaona kwamba hakuwa anafuta jasho.

"Nitabaki mimi," akasema.

Waya ukanyooka.

Usiku ule, kijana akiwa bafuni, mama alichukua wembe, akafumua pindo. Kile kipande cha shati kilikuwa kimelowa, wakati jezi yenyewe ilikuwa kavu.

Kwenye mechi iliyofuata Nyundo alivusha mipira miwili. Ule wa pili haukuonekana tena. Walimbeba mabegani hadi nyumbani, na haikuchukua muda tiketi ya ndege ikaja. Mama alimpangia nguo sandukuni, akambusu, akamsindikiza hadi getini. Hapo akasimama.

"Mama, si ulisema utanifikisha kituoni?"

Alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Mguu ulifika kwenye kizingiti ukagoma, na kitu kigumu kama waya kikambana kifuani. Akasingizia nguo za wateja. Kijana alimtazama kidogo, akaumia, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku hizi wateja wanamletea vitambaa ndani, na mtoto wa jirani anamnunulia mahitaji sokoni. Yule mwanamke wa mizizi aliitwa, akafika nje ya geti, akanusa harufu ya dizeli, akarudi alikotoka. Nyundo hupiga simu kila wiki. Ana furaha, mipira inavuka. Kila mara anauliza lini mama ataenda kumwona akicheza, na kila mara mama anamwambia mwezi ujao.

Juzi kijana alimkatiza maneno kwenye simu.

"Mama," akasema, "nani huyo anakohoa hapo ndani kama baba?"