Macho ya Mtakatifu Paraskevi

Asubuhi ya Jumanne Padri Yakoumis alifungua kanisa lake, kwenye miteremko ya milima ya Troodos, akamkuta Mtakatifu Paraskevi hana macho. Picha ile ilichorwa ukutani miaka mia tano iliyopita. Sasa mahali pa macho palikuwa na vishimo viwili vyeupe.

Sajini Loukia alipofika, kijiji kilikuwa kimeshahukumu.

"Ni yule Mturuki, Nevzat," alisema Bi Theano, mtunza mishumaa. "Anavuka mpaka kila siku, kutoka upande wa Waturuki wa kisiwa, kuja kututengenezea picha hizi kuukuu. Ufunguo anao. Tena ni kazi ya babu zake, tazama kule."

Nyuma ya mlango watakatifu watatu walikuwa vipofu tangu zamani. Kila mtoto kijijini alijua nani aliwatoboa: askari wa sultani wa Waturuki.

Nevzat alikuwa ameketi ngazini, mkoba wake umefungwa. Padri alishamwambia asirudi tena.

"Wewe ndiye fundi. Nionyeshe kinachokusumbua," Loukia alimwambia.

"Sakafu."

Wakaingia, Loukia akainama. Chini ya picha palikuwa na matone ya nta na vumbi la siku nyingi. Hapakufagiwa, lakini hapakuwa na hata chembe ya lipu.

"Aliyekwangua aliukinga unga wa lipu," alisema polepole.

"Na wale wa zamani wana vishimo vilevile, vidogo, vya mviringo. Mwenye chuki hupiga uso mzima, Sajini. Hachokoi kama anakula yai kwa kijiko."

Loukia akautazama ukuta upya. Watakatifu walijaa hadi darini, aliyeguswa safari hii ni mmoja tu. Chini yake yalining'inia macho madogo ya fedha, nadhiri za wagonjwa wa macho.

"Padri, nani hapa anaugua macho?"

Padri akatazama viatu vyake. "Binti wa Bi Theano. Madaktari wa Nikosia wamekata tamaa."

Bi Theano aliwapokea Loukia na Nevzat nyumbani kwake kwa uso mkavu, lakini hakuacha desturi: matunda machanga ya mti wa jozi yaliyopikwa kwa sukari, glasi ya maji, na kijiko cha fedha kwa kila mmoja. Kijiko cha Loukia kilimeremeta. Cha Nevzat pia. Cha mwenye nyumba kilikuwa kimelika ncha, kimejaa mikwaruzo.

"Mama, mbona chako kiko hivyo?"

"Ulitaka nimpe mgeni kibovu? Nina haya mimi."

"Kilikwangua nini?"

Kutoka chumba cha ndani, binti yule mgonjwa aliuliza nani amekuja.

"Unga ule unachanganywa na maji ya baraka," Theano alisema hatimaye, "unapakwa kwenye kope. Bibi yangu alifanya. Na bibi yake."

Nevzat aliweka kijiko chini. "Basi wale wa nyuma ya mlango..."

"Ni sisi wanawake, mwanangu. Nani angekiri? Na askari wa sultani hawakuwepo kukataa."

"Mimi nipo."

Theano alimtazama, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Wewe nimekukosea. Jumapili nitasimama kanisani niseme ni mimi, nawe utarudi kazini. Sajini aandike mashtaka yake."

"Padri atataka umwombe radhi mtakatifu," alisema Loukia.

Theano alikusanya vijiko, kile kibovu juu ya vingine.

"Yeye ni mponyaji wa macho, nami nilimwendea kwa ajili ya macho. Siombi radhi."