Jiwe Lisilorushwa

Mfamasia alikuwa amelala chali kwenye kizingiti cha duka lake, miguu ndani, kichwa nje. Kando ya sikio lake palikuwa na jiwe la ukubwa wa ngumi. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi. Moshi wa mabomu ya machozi ulikuwa bado unaelea barabarani, viatu vya watu waliokimbia vimetapakaa huku na huku, na bango moja la kitambaa limeangukia mtaroni: TUNATAKA MAJI.

Kabla maiti haijafika chumba cha maiti, televisheni ilikuwa imeshahukumu. Ilirusha video ya sekunde kumi na moja. Mwanamke mwenye sare ya uuguzi, mti wa bango mkononi, amemwinamia mtu aliyelala. Anainuka. Anakimbia. Basi.

Alasiri ile ile polisi walimkamata. Alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi, na walimkuta kazini, glavu mikononi, mtoto wa watu ndiyo kwanza anatoa kilio cha kwanza. Kesho yake Mkuu wa Upelelezi akatangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba mkunga huyo atashitakiwa kwa mauaji.

Nchi ikagawanyika pande mbili. Redioni huyu alisema waandamanaji ni wauaji na wafungwe wote. Yule akajibu kwamba mabomba yangetoa maji, nani angeandamana? Kwenye saluni, kwenye foleni za ndoo, maofisini, kila mtu alikuwa amegeuka wakili. Na katikati ya kelele hizo alisikika zaidi mtu mmoja: shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, aliyefanya kazi naye dukani. Kila kituo kilimwita. "Nilikuwa naye saa nne, tunakunywa chai," alisema, leso mkononi. "Saa tano kasoro akatoka kufunga mlango. Jiwe likamkuta."

Jalada lilitua kwenye meza ya inspekta mmoja ambaye wenzake walimwita Chekeche, kwa kuwa kwake chenga hazipiti. Alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka arobaini na minane, mwenye mazoea ya kusoma maelezo ya shahidi akifuata kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili.

"Sikuombi upelelezi," Mkuu alimwambia. "Nakuomba jalada lililokamilika. Ijumaa anapanda kizimbani."

"Leo ni Jumanne, afande."

"Ndiyo maana nimekuita leo."

Sajini wake alimsubiri nje. Alikuwa na jeraha la nyuzi saba kwenye paji la uso. Jiwe la maandamano yale yale lilikuwa limempata. "Afande, mimi siwezi kumwonea huruma yule mama," alisema. "Mawe yalirushwa. Mimi ni ushahidi unaotembea."

"Yalirushwa, hilo sibishi. Ninachouliza ni lile jiwe moja la dukani, nani alilirusha."

*

Mkunga alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mgongo wima.

"Ulikwenda kuandamana?"

"Nilikwenda. Wodini kwangu wanawake wanajifungua, na maji hakuna. Siku ya kumi na tisa leo."

"Ulirusha jiwe?"

"Sikurusha."

"Ulimjua mfamasia?"

"Alikuwa akituletea sabuni wodini bila kuombwa. Nani asingemjua?"

"Kwa nini ulimwinamia?"

"Nilimwona amelala. Mimi ni mkunga, mama, siwezi kumruka mtu. Nilishika shingo. Ilikuwa ya baridi. Nikataka kumfungua kinywa nimpe pumzi, taya likagoma."

Kidole cha Chekeche kilisimama juu ya karatasi. "Liligoma vipi?"

"Lilikuwa limekaza kama mlango uliopigwa misumari. Nilipolivuta, kichwa chote kikaja."

"Uliyasema haya ulipokamatwa?"

"Niliyasema. Aliyekuwa anaandika aliniambia nijibu ninachoulizwa."

Walipotoka, sajini alikuna shingo yake. "Mtu anayekabiliwa na kitanzi husema lolote, afande."

"Kweli. Lakini mwongo angesema alimkuta anapumua. Huyu anatuambia alimkuta maiti ya zamani. Uongo wa namna hiyo unamsaidia nini mtu asiyejua sisi tutatafuta nini?"

*

Mhariri wa habari aliwapokea katika chumba chenye skrini kumi na mbili, na kumi kati ya hizo zilikuwa zinajadili maandamano.

"Video yote," Chekeche alisema. "Tangu mpiga picha alipowasha kamera mpaka alipozima."

"Tulichorusha ndicho hicho. Hatukudanganya mtu, tulifupisha tu."

"Hata mtu unaweza kumfupisha, bwana mhariri. Inategemea unakatia wapi."

Mhariri alitaja taratibu, akataja wanasheria. Chekeche akatoa hati ya mahakama mfukoni na kuilaza juu ya kibodi. Mpiga picha, aliyekuwa amesimama pembeni, alikwenda mwenyewe kwenye kompyuta. "Ni dakika nne," alisema. "Mimi niliwaambia tangu siku ile."

Kwenye video hiyo moshi ulitanda mzito mpaka duka likapotea. Ulipofunuka, mfamasia alikuwa ameshalala kizingitini. Mkunga akatokea, akalaza mti wa bango chini, akapiga magoti. Alishika shingo ya mtu yule. Kisha akashika kidevu, akavuta. Taya halikufunguka. Kichwa kikainuka na shingo, na mabega nayo yakainuka kidogo, kama ubao unaoinuliwa upande mmoja. Mkunga akaokota mti wake na kukimbia, si kuelekea uchochoroni, bali moja kwa moja kwenye gari la wagonjwa, akipunga mkono.

Sajini aliomba irudishwe, akaitazama mara mbili, akaishia kupapasa nyuzi zake bila kujua.

"Afande," alisema taratibu, "mtu aliyekufa dakika tano zilizopita hawi hivyo."

"Hawi."

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mzee asiyependa kuharakishwa. Aliitazama video kwenye simu ya Chekeche, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Maiti niliipokea saa kumi jioni, ikiwa imekakamaa. Kwa saa ile ni kawaida. Lakini hii ni saa tano asubuhi." Alihesabu kwa vidole. "Alikuwa ameshakufa saa nne au tano nyuma. Alfajiri, saa kumi na mbili hivi."

"Kuna jingine, daktari?"

"Lipo, na kosa ni langu. Nilitafuta moshi puani na kooni, sikuona. Nikadhani upepo uliupeleka kwingine. Halafu kulikuwa na haya." Alifungua picha. Kifua na tumbo la marehemu vilikuwa na wekundu mzito uliokatwa na michirizi mitano myeupe, iliyonyooka, yenye nafasi sawa. "Mtu akifa, damu hutuama upande wa chini. Huyu mlimkuta chali, lakini damu nyingi imetuama mbele. Alilala kifudifudi kwa saa kadhaa. Na michirizi hii ni mahali ambapo mwili ulikandamizwa na kitu kigumu. Niliichukulia kuwa ni virungu vyenu."

"Mbao," Chekeche alisema. "Amelala juu ya mbao."

*

Walipitia kwanza nyumbani kwa mjane. Aliwapokea sebuleni kati ya ndugu, akawaomba wengine watoke.

"Kaka amenikataza kusema na polisi," alisema. "Lakini mume ni wangu."

"Pole sana, dada. Alitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Hata chai hakunywa. Alitaka kupigilia mbao vioo vya duka kabla watu hawajaanza kukusanyika."

"Mliongea tena baadaye?"

"Nilimpigia saa moja, hakupokea. Saa mbili, hakupokea. Saa tatu akapokea kaka, akasema mume wangu ana wateja, atanipigia." Alivuta kanga begani. "Hakuwa mtu wa kuwaacha watu wapokee simu yake."

Chekeche aliandika sentensi hiyo kama ilivyo, akampa kalamu aweke sahihi.

Dukani, ghala lilikuwa nyuma, chumba kirefu chenye maboksi yaliyopangwa juu ya chaga za mbao ili yasiguse unyevu wa sakafu. Chaga moja ilikuwa tupu, imesukumwa ukutani. Sajini alipima nafasi kati ya mbao zake, akailinganisha na picha ya daktari. Zililingana kabisa.

Chekeche alikuwa amechuchumaa katikati ya ghala, akinusa kama paka.

"Sakafu hii ina tatizo gani, sajini?"

"Haina tatizo. Ni safi."

"Mtaa mzima hauna maji siku kumi na tisa. Watu wanaoga kwa kikombe. Ni nani huyu anayepiga deki ghala?"

Sajini aliinama, akanusa. "Spiriti. Ameosha kwa spiriti ya vidonda."

Walipindua chaga. Upande wa chini, ambako kitambaa hakikufika, damu ilikuwa imekaukia kwenye nyufa za mbao. Nyuma ya maboksi ya juu walikuta chuma cha kukazia mlango, kimefutwa lakini si vizuri, pamoja na chupa ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, pamba na mhuri wa kupigia tarehe. Sajini alifungua boksi la karibu. Lilijaa dawa za maji za homa za watoto. Kwenye nusu ya chupa, tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefutwa na mpya kupigwa juu yake. Nusu nyingine ilikuwa bado haijaguswa, na muda wake ulikuwa umepita zaidi ya mwaka.

Sajini alikaa chini juu ya sakafu ile safi. "Mwanangu alipewa hii," alisema. "Mwezi uliopita. Homa haikushuka siku sita."

Chekeche alimwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda. "Simama, baba. Twende tukamlete."

*

Walimkuta shemeji kwenye kituo cha redio, anangoja zamu ya kuongea. Katika chumba cha mahojiano bado alikuwa na leso.

"Saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema nchi nzima inasikia. Dukani, na shemeji, tunakunywa chai."

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

"Kwa taya lipi?"

"Sijaelewa."

Chekeche aligeuza kompyuta, akamwonyesha dakika nne zile. Alipofika pale kichwa kilipoinuka pamoja na mabega, akaisimamisha.

"Huyu saa nne alikuwa na saa nne za kifo. Dada yako alimpigia simu saa tatu, ukapokea wewe. Chaga ya ghalani ina damu yake, na kifua chake kina alama za chaga. Chuma tunacho. Mhuri tunao. Alama za vidole kwenye mhuri zinasubiri za kwako tu."

Shemeji alitazama mlango. Sajini alikuwa ameegemea hapo, nyuzi saba usoni, mikono kifuani.

"Sikukusudia," shemeji alisema hatimaye.

"Hukukusudia kumpiga, au hukukusudia tujue?"

Leso ilianguka, wala hakuiokota. "Nilifika mapema ili nimalize lile boksi. Nilijua kwa sababu ya maandamano hakuna atakayefungua. Akaingia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alichukua chupa moja, akaisoma, akaniuliza nimewauzia watoto wangapi. Nikamwambia sijui. Akasema saa mbili anakwenda mamlaka ya dawa, na mimi nijiandae. Nikamwomba anihurumie kwa ajili ya dada. Akasema dada naye ana watoto. Akanigeuzia mgongo."

"Ukachukua chuma."

"Nikachukua chuma."

"Na baadaye?"

"Nilikaa naye pale. Sikujua la kufanya. Halafu nikasikia watu wanaimba barabarani, wanakuja. Mabomu yalipolipuka, moshi ukaingia mpaka dukani. Nikaona huo ndio mlango wangu. Nikamburuta, nikatia jiwe damu, nikaliweka. Nilijua hakuna atakayeuliza. Siku kama ile, kila mtu alikuwa na mwuaji wake tayari."

"Na yule mkunga?"

"Sikumtaja mimi. Mlimtaja nyinyi." Aliinua macho. "Mimi niliitikia tu."

Chekeche aliandika maneno hayo pia, yote, na hakuyapunguza makali.

*

Mkuu wa Upelelezi alisoma maelezo ya kukiri akiwa amesimama. Alipofika mwisho alikaa.

"Nilitangaza mbele ya kamera," alisema.

"Ndiyo, afande. Kamera bado zipo."

Ijumaa mahakama ilifurika mpaka madirishani. Mwendesha mashtaka alisimama na kusema upande wa mashtaka unaondoa shitaka lote, hakuna ushahidi wowote dhidi ya mshitakiwa. Hakimu akamwambia mkunga yuko huru. Mjane wa mfamasia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alipita katikati ya mawakili akamkumbatia mkunga, na wanawake wale wawili walilia bila kuoneana haya, mpaka karani akajifanya anatafuta karatasi sakafuni.

Nje, Mkuu wa Upelelezi alimwomba radhi mkunga kwa jina lake kamili, mbele ya vipaza sauti vyote. Televisheni ilirusha dakika nne bila kukata hata moja, na mhariri mwenyewe alisoma tamko la kukiri kosa, jasho likimtoka. Redioni mjadala wa mawe na mabomu uliendelea, kama ilivyopaswa, lakini sasa watu waliupigania kwa mambo yaliyotokea. Vijana wanne walioshiriki kurusha mawe kweli walishitakiwa kwa hilo, wala si kwa zaidi ya hilo. Maboksi ya dawa yalitolewa ghalani na maofisa wa mamlaka ya dawa, na watu waliosimama kandokando ya barabara waliyashangilia kama mabao.

Waandishi walimzunguka mkunga kwenye ngazi za mahakama. "Una neno gani kwa taifa, mama?"

"Niko zamu saa nane," alijibu. "Nipisheni."

Umati ulipasuka katikati kumpa njia, ukipiga makofi. Sajini alitangulia kumfungulia mlango wa gari la polisi, safari hii kiti cha mbele.

"Wodini, mama?"

"Wodini, mwanangu. Na uwashe king'ora."

Sajini alimtazama Chekeche. Chekeche alitazama upande mwingine. King'ora kikalia mtaa mzima.