Majina Matatu

Maiti ilikuwa imefunikwa vitenge viwili na shuka moja la kitanda cha mtoto. Inspekta Demetria aliinama, akatazama kwanza zile nguo kabla ya kumtazama marehemu. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba palipofanyika ubaya hapakosi mtu mmoja aliyeona haya.

"Akina nani wamemfunika?"

"Akina mama wa nyumba za hapo, afande," alijibu Koplo Anwar. "Walitoka wenzao walipokwisha kukimbia. Kuna mmoja kamfunga kidevu kwa leso yake, mdomo usikae wazi."

Ilikuwa saa tano asubuhi, Mtaa wa Mikorosho Miwili, huko ndani nyuma ya Mbagala. Kando ya uwanja wa shule ya msingi mawe yalikuwa yametapakaa, na ndala za watu waliokimbia. Simu ya marehemu ilikuwa imepondwapondwa kama dagaa kwenye kinu.

Aliitwa Albano, mkazi wa Ubungo, umri miaka thelathini na moja. Alikuwa na chaneli ndogo mtandaoni. Alipiga picha mitaro iliyoziba, mabomba makavu, madarasa yasiyo na paa, akawauliza wakubwa maswali wasiyoyapenda.

Mgambo mmoja akampa Demetria simu yake. Tangazo, alilotumiwa na jirani, lilikuwa bado lipo.

"TAHADHARI WAZAZI. Kuna mtu yupo karibu na shule anapiga picha watoto. Anaitwa Albano Stephano Mkude. Hajaripoti serikali ya mtaa. Ni mtekaji. Msimwache atoke. Kama ilivyopokelewa."

Lilitumwa saa tatu na dakika arobaini. Kufika saa nne na robo, kijana alikuwa amekufa.

Kituoni, wanaume wanne waliotambuliwa kurusha mawe walikuwa tayari wamefungiwa. Lakini mkuu wa kituo hakuwa na habari nao sana.

"Kesi nyepesi hii," alisema. "Tangazo limepita kwenye grupu la yule bibi, Mwanabaraka. Watu mia mbili na kumi wamo humo. Admini ni yeye. Kesho saa nne namtaka mahakamani kwa makosa ya mtandao, na grupu lifungwe."

"Yeye hakuandika, afande."

"Kaandika nani?"

"Bado sijui."

"Basi ni huyo huyo. Demetria, grupu hili limetusumbua. Leo maji, kesho uwanja, keshokutwa mtendaji. Na uchaguzi ndio huo unakuja."

"Naomba mpaka kesho saa nne."

Mkuu alitazama saa ya ukutani. "Hiyo saa nne si saa nne na dakika moja."

Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa juu ya saruji ya mahabusu, mgongo umenyooka. Mkate aliopelekewa na majirani alikuwa ameugawa na binti mmoja aliyefungiwa naye, na kipande kikubwa kilikuwa cha binti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula wewe?"

Demetria hakutegemea swali hilo. Alichuchumaa. "Wanasema umekataa kutoa namba ya siri ya simu yako."

"Nimekataa. Mle ndani kuna mwalimu aliyesema choo cha shule kimejaa. Kuna nesi aliyesema dawa hazipo. Wananiandikia mie kwa sababu mie nina miaka sitini na tisa, sina kazi ya kufukuzwa. Nikikupa namba, wote hao mmewapata. Nifungeni tu."

"Tangazo lile?"

"Nililifuta baada ya dakika sita. Nikaandika, huyu ni mgeni wangu, mwacheni. Hakuna aliyesoma. Walishatoka na mawe." Aliokota makombo ya mkate sakafuni. "Nilimwita mimi, mwanangu. Nilimwambia njoo uuone uwanja wa watoto, umepandwa bikoni za kugawa viwanja. Nilimchemshia chai. Ipo kwenye chupa mpaka sasa."

"Ulimjua vizuri?"

"Namjua Albano tu. Hata jina la baba yake nimelisoma kwenye tangazo hilo."

Demetria alisimama polepole. Mtaani mtu huitwa Albano, au yule wa video, au baba fulani. Majina matatu hutolewa ofisini, kwenye karatasi. Nani basi alimjua mgeni huyu kwa majina yake yote matatu?

Mchana ule yeye na Anwar waliufuata uvumi kwa miguu, kinyumenyume, simu kwa simu. Aliyeuingiza kwenye grupu ni Brightson wa bodaboda. Walimkuta kijiweni, macho mekundu.

"Mie nimepokea tu, mama. Ona, kijishale hiki hapa. Ujumbe ukiwa wa kusambazwa unakuja na hiki."

"Na kabla ya kusambaza ulimuuliza nani?"

"Kumuuliza nani nini?"

"Kama ni kweli."

Brightson alitazama tairi la pikipiki yake. "Imeandikwa kama ilivyopokelewa. Nikajua mwenyewe yupo."

Yeye alitumiwa na Nusaiba, fundi cherehani. Nusaiba alikuwa ameketi mbele ya mashine bila kushona. Kitenge chake kimoja kilikuwa juu ya maiti. Kwenye simu yake kijishale kilikuwepo pia. Alitumiwa na Mama Lusungu, anayeuza chapati karibu na geti la shule.

Hapo njia ikafika ukuta.

"Nimefuta," alisema Mama Lusungu, akikanda unga bila kuinua uso.

"Nani alikutumia?"

"Si nimeshasema nimefuta."

"Sijauliza kama umefuta."

Mama yule alikanda. Nyuma yake binti wa miaka saba alikuwa akichora kwenye vumbi, vifungo vya gauni viko wazi, na kovu refu kifuani.

"Lusungu anaendeleaje?" aliuliza Demetria kwa sauti nyingine kabisa.

Mikono ikasimama. "Anashukuru. Walimpasua moyo mwezi wa tatu. Saa hizi anakimbia na wenzie."

"Matibabu makubwa hayo. Ulipata msamaha?"

"Nilipata."

Akaukanda unga tena. Barua ya kuombea msamaha wa matibabu huanzia ofisi ya mtaa. Alijua sasa mdomo ule umefungwa na shukrani, wala si ukaidi. Shukrani ni ngumu kufunguliwa kwa vitisho.

"Sitakulazimisha leo, mama. Ila ujue Bi Mwanabaraka analala kwenye saruji kwa ajili ya maneno haya."

Walipokuwa wakiondoka, Mama Lusungu alimkimbilia Anwar, akamwekea mkononi chapati tatu zilizofungwa kwenye gazeti.

"Za bibi," alisema. "Azile zikiwa za moto."

Mtendaji wa mtaa, Apolinari, alikuwa mtu mpole. Aliwapangusia viti kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Poleni na kazi. Tukio la aibu hili. Sie watu wa mtandao tumekwisha."

"Albano alifika hapa?"

"Hakufika. Angefika tungempa mgambo wa kumsindikiza. Mgeni anaripoti kwanza, ndio utaratibu."

"Ulikuwa unamfahamu?"

"Hata jina nimelijulia kwenye tangazo."

"Daftari la wageni?"

Alilileta kwa mikono miwili. Kurasa zilikuwa zimepigwa namba kwa kalamu nyekundu. Demetria alifunua taratibu. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Arobaini na nane.

"Huu ukurasa uko wapi?"

"Wa ngapi? Aah. Madaftari ya siku hizi, afande, gundi haishiki."

Demetria alifunga daftari. "Naliomba hili. Anwar, andika hati."

Ukurasa uliokosekana si ushahidi. Mwanasheria yeyote angemcheka. Alirudi mahabusu jua likielekea kuzama, akamkuta Bi Mwanabaraka na binti wanakula chapati ya mwisho.

"Bibi, Albano alikwambia nini asubuhi ile? Neno lolote."

"Alinitumia picha. Akaandika, nimesharipoti, bibi, nakuja kunywa chai."

"Picha ya nini?"

"Ya daftari. Alikuwa na tabia hiyo, kila anaposaini anapiga picha."

Demetria alimsogelea. "Mbona hukusema?"

"Nilisema. Aliyekuwa ananiandika maelezo akaniambia nijibu ninachoulizwa. Nilichoulizwa ni namba ya siri."

Basi ushahidi wa kesi nzima ulikuwa umelala tangu mchana kwenye kabati la vielelezo, hatua kumi kutoka hapo, ndani ya simu ya bibi.

Demetria aliileta ikiwa kwenye bahasha yake. "Sitaki namba yako, bibi. Ifungue kwa kidole chako, unionyeshe mazungumzo yako na Albano peke yake. Anwar atashuhudia, na maelezo utaandika wewe."

"Na ukitelezesha kidole kwa watu wengine?"

"Ishike wewe mwenyewe. Mie nitatazama tu."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa. Kisha akaweka kidole.

Ukurasa wa arobaini na saba. Saa tatu na dakika kumi. Albano Stephano Mkude. Madhumuni ya ziara: kuomba muhtasari wa kikao kilichopitisha uwanja wa shule. Pembeni palikuwa na mhuri wa ofisi na saini ya Apolinari.

Asubuhi, saa mbili na nusu, Mama Lusungu alikuwa mlangoni pa kituo, mtoto mgongoni ingawa ni mkubwa mno kubebwa.

"Sikufuta," alisema. "Nilidanganya."

Alitoa simu. Ujumbe ulikuwepo. Haukuwa na kijishale. Juu yake palisomeka jina la aliyetuma, kama alivyolihifadhi mwenyewe: Mtendaji Msaada.

"Aliniandikia ile barua siku moja tu. Wengine wanazungushwa miezi. Mtu kaniokolea mwanangu, leo nimtaje?"

"Mama," alisema Demetria, "ile barua ilikuwa haki yako. Alikupa kilicho chako. Hukopeshwi mali yako mwenyewe."

Mama Lusungu alimshusha mtoto chini. "Alijua ningeogopa. Alijua mie kwa Lusungu sina akili. Ndiyo maana alinitumia mie."

Saa tatu kasoro robo Apolinari, aliyeitwa kituoni tangu alfajiri, alikuwa mbele ya meza. Alionywa kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema neno. Alikunja kitambaa chake mara nne.

"Albano Stephano Mkude," alisema Demetria. "Nani alikupa majina hayo?"

"Yalikuwa kwenye tangazo."

"Tangazo umeliandika wewe. Halina kijishale."

Apolinari alikikunjua kitambaa, akakikunja tena.

Demetria aliweka mezani picha ya ukurasa wa arobaini na saba, iliyochapwa. Kisha akaweka daftari, limefunuliwa penye pengo.

Mtendaji aliitazama saini yake kama mtu anayekutana na ndugu asiyemtaka. "Nilidhani jina kamili litaaminika zaidi."

"Kwa nini?"

"Kikao hakikuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Uwanja tulikuwa tumeshaugawa, viwanja kumi na viwili, kimoja changu. Muhtasari niliuandika mwenyewe. Nikahitaji mahudhurio, nikachukua majina kwenye orodha ya zamani. Watu thelathini na wawili. Tisa walishazikwa. Kijana angeuweka mtandaoni, na watu wangewaona marehemu wao wamesaini."

"Kwa nini hukuandika kwenye grupu mwenyewe?"

"Grupu haliniamini. Mama Lusungu wanamwamini."

"Na kama ilivyopokelewa?"

"Kila mtu anaandika hivyo, afande. Ukiandika hivyo neno linakuwa halina mwenyewe." Alifuta uso. "Sikutaka afe. Nilitaka wamfukuze, wamvunjie simu, basi."

Demetria alilisoma tangazo kwa sauti, bila haraka, mpaka alipofika penye maneno mawili. "'Msimwache atoke.' Hiyo nayo uliipokea?"

Apolinari aliinamisha kichwa. Alitaja wenzake waliogawana uwanja, mmoja mmoja, na Anwar akaandika wote.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika nne Demetria alipoweka jalada mbele ya mkuu wa kituo.

"Safi," alisema mkuu baada ya kusoma. "Bibi aachiwe. Lakini grupu lifungwe. Uvumi umeua mtu."

"Uvumi umeandikwa ofisini, afande, na mwenye mhuri. Picha imetunzwa na mwenye grupu, ambaye watu humwandikia. Tungemnyamazisha jana, leo tusingekuwa na kesi."

"Ni agizo, Demetria."

"Basi liandikwe, lisainiwe kwa jina lako, nami nitaliweka kwenye jalada. Mie siandiki."

Mkuu alishika kalamu. Akaitazama. Akairudisha mfukoni.

Kwenye kaunta, Bi Mwanabaraka alisaini kupokea simu yake. Badala ya kuondoka aliketi kwenye benchi la wananchi, akavaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemharakisha. Mama Lusungu alimshikia mkoba.

Alipomaliza aliusoma kwa sauti, kituo kizima kikisikia.

"Mimi ni Mwanabaraka Salumu Kitwana. Albano hakuwa mtekaji. Alikuwa mgeni wangu, na tumemuua. Uwanja ni wa watoto. Kesho saa tatu nakwenda ofisi ya mtaa kuudai, kisha nakwenda kumzika. Haya sikuyapokea kwa mtu, nimeyaandika mwenyewe. Anayekuja pamoja nami aandike majina yake matatu."

Akatuma. Simu ilikaa kimya juu ya paja lake. Watu mia mbili na kumi walikuwa wakiogopa kwa pamoja.

Mama Lusungu alitoa simu yake, akaandika akiwa amesimama. Ya bibi ikatetemeka.

"Tusekile Ambilikile Mwakyoma," bibi alisoma, akainua macho. "Kumbe ndilo jina lako, mwanangu. Zuri."

Ikatetemeka tena. Nusaiba, fundi, na jina la baba na la babu. Mwalimu wa choo. Nesi wa dawa. Kisha Brightson Anselmo Massawe, ambaye chini ya jina aliongeza: "Jiwe sikurusha, ila habari niliipeleka mie. Nitasema hivyo kaburini kwake."

Koplo Anwar alihesabu mpaka arobaini na moja, akaacha kuhesabu, akamletea bibi maji ya kunywa.

Demetria alirudi mezani kwake. Chini ya ripoti palikuwa na mstari wa mpelelezi. Siku zote alijaza namba yake ya kazi na saini ya mkato isiyosomeka. Safari hii aliandika polepole, kwa herufi ambazo hata mtoto wa darasa la kwanza angezisoma: Demetria Projestus Rwegasira.