Jogoo Miguuni pa Petro

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji, Ntinyari alikwenda kanisani Muthara kumsaidia Mama Bundi kufagia. Mama Bundi alikuwa mjane, na ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa kanisa.

Ulikuwa mwaka wa kura. Fundi Runji, mchoraji kutoka Embu, alikuwa amemchora ukutani Mtakatifu Petro ameshika funguo, na miguuni pake jogoo mwekundu. Watu walinung'unika, maana jogoo alikuwa alama ya chama kimoja cha siasa.

"Hata kanisani wametuletea jogoo wao!" baba yake Ntinyari alisema akinywa uji. "Afadhali mtu amfute."

Basi Jumamosi hiyo, Mama Bundi alipotoka kumwaga takataka, Ntinyari alichukua waya wa kusugulia sufuria akamsugua jogoo. Jogoo alitoka, lakini vidole vya miguu ya Petro vikatoka naye. Kadiri alivyopangusa, ndivyo ukuta ulivyozidi kuharibika. Akatupa waya, akakimbia nyumbani.

Jumapili, Katekista Marete alisimama mbele ya watu wote. "Mama Bundi, ufunguo unao wewe. Nani mwingine angefanya hivi?"

"Nilitoka kidogo tu, nikamwacha mtoto ndani. Muulizeni."

Wote wakamgeukia Ntinyari.

"Mimi? Mimi niliondoka mapema."

"Mtu mzima anamsingizia mtoto!" mwanamke mmoja akasema. Marete akanyoosha mkono, na Mama Bundi akautoa ufunguo.

Wiki hiyo Mama Bundi alikaa mlangoni kwake akichambua maharagwe, na hakuna aliyeingia kumsalimu. Watoto walipotoka shule walimzomea: "Mama Jogoo! Kokoriko!" Ntinyari alipita ameinamisha kichwa. Kusema aliogopa. Kunyamaza hakukumwacha ale wala alale.

Fundi Runji aliporudi kutengeneza picha, Ntinyari alimkuta kanisani akichora jogoo tena kwa makaa.

"Fundi, unamrudisha jogoo wa chama?"

"Chama gani, wewe!" Runji akacheka. "Jogoo huyu ni mzee kuliko vyama vyote. Petro aliulizwa kuhusu Yesu, akasema, 'Simjui mtu huyo.' Jogoo akawika kama Yesu alivyokuwa amemwambia, Petro akatoka nje akalia sana. Ndiyo maana wachoraji humweka hapo. Lakini tazama, alisamehewa, funguo bado anazo."

Ntinyari akaanza kulia. "Fundi, ni mimi niliyefuta."

Runji akashuka ngazi polepole. "Usiniambie mimi. Si mimi niliyenyang'anywa ufunguo."

Akampeleka kwa Katekista, na Jumapili Ntinyari akasema yote mbele ya watu. Marete akamrudishia Mama Bundi ufunguo, akamwomba msamaha.

Mama Bundi akamshika Ntinyari bega. "Mwanangu, nilisema ukweli na haukunisaidia kitu. Wewe peke yako ndiwe uliyeweza kuniokoa. Ukikosea, sema mara moja, kabla mwenzako hajabeba kosa lako."

Kisha akawageukia wengine. "Na nyinyi wakubwa, siku nyingine mtu akiwajibu, msikilizeni."