Ruta ya Nne

Ilianza Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, saa moja na dakika kumi jioni, kamera ya getini ilipokatika. Aloo hakushtuka. Tangu azifunge kamera zile katika nyumba aliyopanga mtaani Migosi, zilikuwa zikikatika mara kwa mara. Alikuwa sebuleni, simu mkononi, akijaribu kuirudisha, ndipo aliposikia masufuria.

Sauti ilitoka upande wa ziwa, ikipokezwa mtaa kwa mtaa: mabati, vifuniko, mageti yakigongwa kwa mawe. Nyawawa walikuwa wanapita. Kila aliyezaliwa ufuoni anajua kazi yake hapo. Pepo hao huja na upepo wa ziwa, na kila nyumba hupiga kelele ili wasitue, waende kwa jirani, naye jirani awasukume mbele.

Milka, aliyemtunza mama yake Aloo, alitoka jikoni mbio na sufuria na mwiko.

"Weka chini," Aloo akasema.

"Dada, si unasikia? Wamefika hapo kwa jirani!"

"Mama ndio amepata usingizi. Na hizi kamera zinanasa kelele. Simu yangu italia mpaka kesho."

"Ati kamera." Milka alicheka kicheko cha woga. "Nyawawa wanajua kamera?"

"Milka. Weka chini."

Sufuria ikawekwa chini. Kelele zilifika nyumba ya kushoto, zikakoma. Ng'ambo ya barabara watu walisimama milangoni, vyombo mikononi, wakingoja zamu yao. Hakikuja kitu cha kufukuza. Mwishowe wakaingia ndani mmoja mmoja, wakigeuka kuitazama nyumba ya Aloo.

Kamera ya getini ikarudi yenyewe, picha safi kuliko siku zote.

Kamera hizo ndizo zilizomwezesha Aloo kwenda kazini, akimwangalia mama yake kwa simu. Mama yake huyo, Mama Selpha, alikuwa amepigwa na kiharusi Agosti. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi pia. Daktari alionya kwamba akianguka tena huenda asiamke. Okello, kaka yake Aloo, alitaka kumpeleka kijijini Pap Onditi, mbali na hospitali. "Siku hivyo vidude vyako vikizima," alikuwa amesema, "nakuja kumchukua."

Ijumaa, Aloo alifungua apu kukagua mtandao. Alikuwa amenunua ruta tatu zinazopokezana waifai: moja sebuleni, moja koridoni, moja jikoni. Apu ilionyesha nne. Ya nne haikuwa na jina, na kamera zote zilikuwa zimeziacha ruta zake na kujishika huko. Alibadilisha paswadi. Akaihamisha ruta ya jikoni mbali na friji. Akabadilisha chaneli. Akazifuta zote, akaanza upya. Ya nne ilirudi kabla ya zake mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa alimwita fundi, kijana aitwaye Sydney. Sydney alizunguka nyumba akiitazama simu yake, akifuata mahali mtandao ulipozidi nguvu. Ulimtoa sebuleni, ukampitisha koridoni, ukamwingiza chumbani kwa Mama Selpha. Humo mlinuka matope na omena, dagaa wabichi wa ziwani. Alishusha simu chini ya kitanda, mtandao ukapungua. Akaipandisha karibu na mto; ukajaa.

"Dada Aloo, huyu mgonjwa wako amemeza ruta?"

Hakuna aliyecheka. Mama Selpha aligeuza macho, macho peke yake, akamtazama. Sydney aliondoka bila kuaga, akaacha bisibisi yake juu ya kabati.

Aloo alichomoa ruta ya jikoni, akachomoa ya koridoni, akachomoa ya sebuleni, akazima na data ya simu, na bado picha ya chumba cha mama yake iliendelea kuja, safi, bila kukwama, na ndani yake Mama Selpha, ambaye tangu Agosti hakuwa amejigeuza bila kusaidiwa, alikuwa akiketi polepole, mgongo wima, shuka ikimteleza, mkono wake uliokufa ukiinuka kama wavu unaovutwa kutoka majini, ukiinuka mpaka ukaielekea kamera, na upepo ukavuma humo ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na katika upepo huo watu wengi walinong'ona kwa pamoja, mpaka minong'ono ikajikusanya ikawa sauti moja, nayo ilikuwa sauti ya mama yake.

"Nyara," ilisema. Binti yangu, kwa lugha ya kwao. "Nasikia baridi."

Aloo alienda akamfunika. Ngozi ilikuwa na unyevu, baridi kama samaki. Alisimama hapo akingoja woga umjie. Haukuja.

Jioni Milka alimvuta jikoni.

"Bado tunaweza," alinong'ona. "Tuanze pale kitandani, tupige sufuria mpaka getini. Majirani watapokea."

"Na sauti yake?"

"Sauti gani?"

"Ya Mama. Tukiwafukuza, itabaki?"

Milka aliutazama mlango. "Dada, huyo si Mama."

"Ameniita."

"Wamekuita. Nimesikia. Ni wengi."

"Tangu Agosti hakuna mtu ameniita nyara, Milka."

Midomo ya Milka ilikuwa ikisali alipofunga nguo zake kwenye leso, akaondoka kwenda kwa dada yake aliyeishi Awasi.

Jumatatu asubuhi Aloo alimwosha mama yake, akampikia uji. Mama Selpha alikishika kikombe mwenyewe, kwa mkono wa kulia, akanywa wote bila kupepesa macho.

"Nenda kazini," alisema. Midomo yake ilichelewa kidogo nyuma ya maneno. "Sisi tupo."

Aloo alivaa viatu. Akafunga mlango kwa nje, akafunga na geti. Pale barabarani alitoa simu, akafungua apu, akagusa ile ruta isiyo na jina. Akaandika: Mama. Akabonyeza hifadhi.