Pumzi ya Maman Mwamba

Haya yalimpata rafiki yangu Abigaël, na mpaka leo hakubali kuyasimulia taa zikiwa zimezimwa.

Mwalimu wake, Maman Mwamba, alikuwa soprano, mwimbaji wa sauti ya juu. Aliimba opera tangu nywele nyeusi mpaka mvi, kisha akafundisha nyumbani kwake, mtaa wa Etterbeek. Kila somo alikuwa akisimama nyuma ya Abigaël na kuvuta pumzi pamoja naye, ili waanze kwa pamoja.

"Mutoto, wimbo inaanzaka na pumzi, hapana na kinywa. Vuta na mie."

Pumzi yake ilikuwa ndefu, na mwishoni ilipiga mluzi mwembamba.

Alipofariki, familia ilimtuma Abigaël akachukue gauni lake la jukwaani, azikwe nalo. Ilikuwa jioni ya Desemba, giza limeshatanda, na umeme wa nyumba ile umekatwa. Alipapasa kabatini mpaka mkono ukagusa hariri. Akavuta pumzi ajipe moyo. Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, ikavutwa nyingine, ndefu, ikaishia kwa mluzi.

Alitoka mbio na gauni mkononi, akijiambia ni mabomba ya kupasha joto nyumba ya jirani.

Kesho yake, kanisani Evere, aliimba mbele ya jeneza, taa zote zikiwaka. Hénock, mpiga kinanda, alichelewa kuanza. Walipotoka nje, Abigaël alimuuliza kulikoni.

"Ya Abi, unisamehe," alisema Hénock, aliyemwita "Ya" kama dada yake mkubwa. "Mie ninafuataka pumzi yako, alors leo nilisikia mbili. Bon, nikafuata ile yenye kupiga mluzi."