Kompyuta ya Gari la Baba Limi

Kila Jumamosi ya pili, Zipora alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Hicho ndicho chakula alichokipenda mumewe, Stanslaus, fundi wa pampu kwenye mgodi mmoja kule Bugarama. Stanslaus alifanya kazi siku kumi na mbili, akapumzika mbili. Siku hizo mbili ndizo Zipora alizoziishi. Nyingine alizipitisha tu, akiuza mchele hapo Tinde.

Nyumba yake haikukosa watu. Lakini sasa ilikuwa mara ya tatu mfululizo michembe inaliwa na wageni. Kila mara Stanslaus alipiga simu na kusema, "Mama Limi, gari limenigomea tena. Nimeishia Kahama, narudi."

"Gari!" alisema jirani yake, Mama Kalisti, huku akijichotea karanga. "Gari lenyewe linavaa gauni, mwenzangu!"

Wote walicheka. Zipora naye akacheka, maana mwenye nyumba hanuni mbele ya wageni. Walipoondoka aliingia ndani, akanusa shati la mumewe lililoning'inia nyuma ya mlango. Harufu yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

Jumatatu alijifunga kanga, akaenda kwa Nelly, fundi umeme wa magari. Karakana ya Nelly iko karibu na njia panda ya kwenda Kahama.

"Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba. Fundi, nina swali, usinicheke. Gari linaweza kumgomea mtu siku ya kuja nyumbani tu? Tena mara tatu?"

Nelly aliweka bisibisi chini. "Amelifanyia nini?"

"Amelipendezesha. Amefunga chujio la hewa lile la wazi, na bomba kubwa la moshi. Anasema gari lipate pumzi, afike mapema."

"Na siku ya safari hufanya nini?"

Zipora alifikiri. "Ile taa ya injini ikiwaka, anachomoa waya wa betri, halafu anaurudisha. Taa inazima. Anasema limepona, anapakia mizigo. Madereva wenzake wote wa kule hufanya hivyo."

Nelly alipiga makofi. "Basi hakudanganyi, mama. Anajidanganya mwenyewe!"

Zipora alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Sikiliza," Nelly alisema. "Injini inatumia hewa na mafuta kwa kipimo. Kompyuta ndiyo inayopima. Inapewa habari na vifaa vidogo vinavyoitwa sensa. Moja iko kwenye njia ya hewa. Inasema hewa kiasi gani imeingia. Nyingine iko kwenye bomba la moshi. Inaonja moshi, inasema mafuta yamezidi au yamepungua. Ukibadilisha chujio au bomba, kompyuta inajirekebisha kidogo kidogo, na inakumbuka. Wewe ukipata mchele mgeni, unaupikaje?"

"Siku ya kwanza maji yanazidi. Siku ya tatu nimeshaujua."

"Sasa mumeo akichomoa betri, kompyuta inasahau yote. Kila Jumamosi anasafiri na mpishi mgeni!"

Zipora alicheka, mara hii kwa moyo wote. "Kwa hiyo akiacha kuchomoa, basi?"

"Hapana. Taa haiwaki bure. Kujirekebisha kuna kikomo. Sensa ikichafuka, au bomba likivuja, kompyuta inapewa habari za uongo. Inahangaika hadi inafika mwisho, ndipo inawasha taa. Mwambie alete gari taratibu, asiguse betri. Taa ikianza kupepesa, asimame."

Zipora alipiga simu hapo hapo.

"Nelly?" Stanslaus alisema. "Yule binti wa mzee Mayala? Analijua gari langu kuliko mimi?"

"Baba Limi, mimi gari silijui. Najua nyumba imejaa watu na bado ni tupu. Usiguse betri."

"Haya, mke wangu," alijibu.

Jumamosi ya mapumziko yake, saa tisa alasiri, gari liliingia karakanani likitoa moshi mweusi. Zipora alikuwa amefika tangu saa saba. Alitaka kumkumbatia mumewe, lakini watu walikuwa wanatazama. Akamfuta vumbi kwenye kola.

Nelly aliunganisha mashine ya kupimia, akasoma. Kisha akafungua chujio. Lilichuruzika mafuta.

"Shemeji, ulitaka kulikaanga?"

"Nililipaka mafuta ya injini lishike vumbi," Stanslaus alisema. "Barabara ya kule unaijua."

"Mafuta yamefika kwenye sensa ya hewa. Na hapa kwenye kiungo cha bomba pana masizi. Panavuja, na hewa ya nje inaingia. Sensa ya moshi inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Ndiyo huo moshi."

Alisafisha sensa kwa dawa yake maalumu. Akaziba kiungo kwa gasketi mpya. Akarudisha chujio la zamani lenye boksi, kwa sababu ya vumbi.

"Na nguvu niliyoitaka je?"

"Kompyuta inalinda kipimo, shemeji. Haigeuzi gari kuwa ndege. Sasa kumbukumbu nafuta mimi, kwa sababu ubovu umeondoka. Uliendeshe kawaida siku mbili. Polepole, kasi kidogo, kusimama, kuondoka. Lijifunze. Jumatatu nilipime. Usikimbilie Bugarama kesho."

Stanslaus alimtazama mkewe. "Nina siku moja ya likizo, nitaichukua Jumatatu," alisema.

"Wabeja, fundi!" Zipora alishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana!"

Jumapili walikwenda kanisani, kisha Mwadui kwa dada yake Zipora. Mama Kalisti alijibana nyuma na Limi na watoto wengine. "Sogeeni! Na mimi niifundishe kompyuta!"

Jumatatu Nelly alipima. Vipimo vilikuwa sawa, taa imezima. Mchana Stanslaus akaondoka.

Tangu hapo hajakosa Jumamosi yake hata moja. Taa ikiwaka, betri haiguswi. Gari linapelekwa kupimwa. Na kila anapoondoka, Zipora husimama barabarani hadi gari linapotelea njia ya Kahama. Hamu humshika kabla hajageuka kurudi nyumbani. Ni ile ile, haijapungua. Ila sasa ana hakika kwamba mtu anayemtamani atakuja.